Mafuta ya Koti la Mama

Kasulu,
17 Februari 2013

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimempa Haidari, kondakta wa basi la Kibondo. Ameniahidi ataileta mpaka kibandani kwako sokoni. Shuleni simu haziruhusiwi, na hata zingeruhusiwa nisingeweza kusema haya kwa simu. Unanijua, mdomo wangu haufiki mbali kama kalamu.

Mwalimu wetu wa kemia, Mwalimu Makarius, ametuambia kila mmoja achague kitu cha nyumbani kilichotoka kiwandani, aeleze kimetengenezwa kwa nini na kwa njia gani. Adija, tunayelala naye kitanda kimoja, yeye juu mimi chini, amechagua sabuni. Wengi wamechagua sabuni. Mimi nilisema, "Koti la mvua la mama." Darasa likacheka. Mmoja nyuma akasema, "Hilo koti linanyesha lenyewe?" Nikakaa. Lakini Mwalimu alikuwa ameshaandika, kwa hiyo siwezi kurudi nyuma.

Baba, ninasema lile la kijani, linaloning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha ndani. Likizo ya Desemba nilishika kola yake. Ililia kama jani kavu la mgomba, ikapasuka kidogo, kama urefu wa ukucha. Niliogopa nikaiachia.

Unakumbuka mama alipokuwa akitoka kufundisha wakati wa masika? Koti lilikuwa linasikika kabla yeye hajaonekana: fwa-fwa, fwa-fwa. Wewe ulikuwa unainua kichwa na kuangalia mlangoni, hata kama ulikuwa katikati ya neno. Mimi nilikuwa natembea naye humo ndani ya koti, nikiona viatu vyake tu na matope. Sauti ya mama mwenyewe imeanza kunipotea. Ya koti bado ninayo.

Alisema siku nitakayomaliza kidato cha nne atakuja nalo Kasulu, hata kama jua linawaka. Hakuifikia siku hiyo. Mahafali yetu ni mwakani, mwezi wa kumi, na ninataka kulivaa mimi. Lakini jinsi lilivyo, nikiingiza mkono tu litavunjika.

Wewe ulikuwa unachanganya vitu hivi kiwandani. Naomba uniambie: kwa nini vinakauka? Na je, ulaini wake unaweza kurudi?

Mwanao,
Winifrida


Kibondo,
10 Machi 2013

Mwanangu Winifrida,

Marahaba. Barua yako imefika, Haidari ameikunja mpaka imekuwa kama tiketi. Miwani yangu niliikalia mwenyewe kanisani, Jumapili ya kutoa mavuno, kwa hiyo aliyenisomea ni mama yako mdogo Safina. Kuandika naweza, mkono unajua njia. Ndiyo maana ya herufi hizi kubwa kama za bango la mkutano.

Umenirudisha mbali sana. Kule Dar es Salaam tulikuwa tunatengeneza mipira ya maji, maganda ya nyaya za umeme, na mashiti ya kushonea makoti ya mvua na aproni za machinjioni. Vyote hivyo vinaanza na unga mweupe, mwepesi kuliko wa muhogo. Ndiyo PVC yenyewe. Unga huo ukiuyeyusha bila kuchanganya kitu unapata kitu kigumu kama bomba la maji machafu. Ukitaka kilainike, unatia mafuta. Si ya kula, ni mazito, hayana rangi, na yananukia kama duka jipya la viatu. Mpira wa maji unataka mengi, ganda la waya machache zaidi. Halafu unatia dawa ya kuhimili joto, la sivyo mchanganyiko unaungua mashinini, unakuwa kahawia na kutoa moshi unaokata koo. Unatia chaki, shiti lisiwe ghali. Nta kidogo, lisigande kwenye rola. Rangi ni ya mwisho.

Msimamizi wetu, Khatibu, alikuwa anakata kipande cha moto, anakikunja karibu na sikio lake. Kikilia anasema, "Huyu bado ana njaa, mlisheni." Kikinyamaza anasema, "Huyu ameshiba."

Sasa, mafuta hayo hayaoani na unga. Yamekaa katikati yake kama wageni harusini. Miaka ikipita wanaondoka mmoja mmoja, bila kuaga. Wengine wanachukuliwa na jua, wengine na maji ya sabuni. Ndiyo maana koti limekauka.

Na lile koti nililichanganya mimi. Nilikuwa nimemchumbia mama yako, na nilijua baridi ya Kibondo mwezi wa sita. Koti la Dar ukilileta huku linakuwa kama bati. Nikamwomba Khatibu niongeze mafuta kidogo kwenye mchanganyiko wa kijani. Akasema, "Kwa ajili ya nani?" Nikamwambia. Akageuka akaangalia ukutani, akasema, "Mimi sijaona kitu."

Ulaini kurudi, mwanangu, sijui njia yake. Kuna kijana siku moja mafuta yalipoisha alitia ya nazi, ya kupikia. Wiki haikuisha shiti likatoka jasho, likanata, vumbi lote la Dar likahamia pale. Mafuta ya kula yanapokelewa mlangoni tu, ndani hayakaribishwi.

Mama yako mdogo anakusalimia.

Baba yako,
Melkiadi


Kasulu,
12 Mei 2013

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nilisimama mbele ya darasa. Nilianza kwa sauti ndogo sana, Mwalimu Makarius akasogea akakaa dawati la mbele ili anisikie, na wengine wakanyamaza kwa sababu yake. Nilipofika kwa Khatibu na sikio lake, walicheka, lakini kicheko cha kupenda. Sasa bwaloni, mtu akimaliza ugali na kuangalia sahani ya mwenzake, wanasema, "Huyu bado ana njaa, mlisheni." Ni maneno yako hayo, baba, na hawajui kama yametoka Kibondo.

Kitabu cha maktaba kinasema kama ulivyosema wewe, ila kwa Kiingereza na bila harusi. Nimependa yako.

Nina ombi. Naomba usikasirike. Naomba barua zangu uzisome mwenyewe, au zingoje mpaka upate miwani. Ninapoandika habari za mama, ninaandika kwako tu. Sipendi mtu mwingine azisome. Na koti naomba lisiguswe na mtu yeyote, hata wakati wa kufagia.

Nitakuja nyumbani mwezi ujao shule ikifungwa.

Mwanao,
Winifrida


Kasulu,
14 Julai 2013

Mama mdogo,

Shikamoo. Hii ni barua ya kwanza kukuandikia. Nimejaribu kuiacha nimeshindwa.

Asubuhi ile ya kurudi shule niliingia chumba cha ndani kuliaga koti. Likizo yote nilikuwa naogopa kulishika, nikawa naliangalia kwa mbali mlango ukiwa umefungwa nusu. Siku ile nililishika. Mkono wangu ukarudi na rangi ya chungwa. Limepakwa mawese, mgongoni, mikononi, mpaka ndani ya mifuko. Linanata. Limeshika vumbi na manyoya ya kuku, na linanuka kama sufuria ya maharage ya jana. Alama ya chaki ya mama iliyokuwa kwenye mfuko wa kulia haipo tena.

Nilitoka nikanywa chai uliyonipikia, nikasema asante, nikapanda basi. Basi lilikuwa limeshavuka mto Malagarasi ndipo nikalia.

Baba alikuwa Rungwe Mpya wiki ile yote, akifunga mipira ya bustani. Nyumbani tulikuwa mimi na wewe.

Kitambaa chako cha meza, kile cha plastiki chenye maua mekundu, hakuna anayekigusa kwa mikono michafu. Hata mimi, kabla sijaweka sahani ninaifuta chini. Ninafanya hivyo kwa sababu ninajua ni chako. Niliomba koti lisiguswe. Sikuomba kitu kingine katika nyumba ile.

Winifrida


Kibondo,
28 Julai 2013

Mwanangu,

Barua uliyomwandikia mama yako mdogo nimeiona. Usimlaumu. Mawese nilipaka mimi. Niliona koti linazidi kukauka, nikasema nijaribu, nikakosea. Mimi ndiye niliyelichanganya, na mimi ndiye niliyeliharibu. Basi, yaishe.

Mvua hakuna, vumbi tele. Mbuzi wa jirani amezaa mapacha.

Baba yako,
Melkiadi


Kasulu,
11 Agosti 2013

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Barua yako ya Machi ninayo. Imeandikwa humo, kwa herufi za bango la mkutano, kwamba mafuta ya kula yanapokelewa mlangoni tu. Mtu aliyeandika hivyo Machi hapaki mawese Juni.

Sitauliza tena. Ila naomba usiniambie kitu ambacho si kweli kuhusu koti la mama, kwa sababu mambo ninayoyajua kulihusu ni machache, na mengi umenipa wewe.

Mwanao,
Winifrida


Kibondo,
1 Septemba 2013

Winifrida, mwana wanje,

Bwakeye, mwanangu, ndivyo tunavyosalimu kwetu. Mimi si mtu wa kalamu, niliishia darasa la saba kule kwetu Munanila, utanivumilia.

Ni mimi. Baba yako aliniambia, "Nyamaza, hili nitalibeba." Nikamwambia, "Utalibebaje, na mtoto amesomea kemia?" Hakunisikia. Ilipokuja barua yako ya Agosti alicheka peke yake, halafu hakula.

Sasa nisikilize. Barua yako ya Februari ni mimi niliyeisoma. Niliisoma kwa sauti, baba yako amekaa kwenye kigoda, na nilipofika pa kutembea ndani ya koti ukiona viatu na matope, nilisimama kidogo nikasema moshi umeniingia machoni. Jibu lake aliandika mwenyewe, akafunga bahasha kwa ugali, akampa Haidari. Hayo ya mafuta ya nazi na jasho mimi sikuyajua mpaka aliponieleza, koti limeshaharibika.

Kwetu kitu kikikauka kinapakwa mawese. Ngozi ya ngoma, mpini wa jembe, kisigino cha bibi, mguu wa mtoto kiangazi. Hakuna kisicholainika. Nikasema, mtoto anataka koti lake kwa mahafali, baba yake amekata tamaa, ngoja nimfanyie kimyakimya. Siku ulipokwenda kwa shangazi yako nililipaka. Nikalianika juani linywe vizuri. Nikalirudisha msumarini nikangoja uligundue. Nilitaka ukiligusa likubali mkono wako.

Ulipokunywa chai ukasema asante, mimi nilidhani ni asante ya koti. Nilishinda siku nzima nimefurahi, mpumbavu mimi.

Na ile barua ya Mei, ya kukataza nisimsomee, hiyo nayo niliisoma mimi. Miwani ilikuwa haijapatikana. Nilipofika hapo pa "sipendi mtu mwingine azisome," nilikuwa nimeshapasoma. Nikamwuliza baba yako, "Nirudi nyuma au niendelee?" Akasema, "Maliza tu." Nikamaliza. Ndiyo nikaona bora nilipake haraka, hata kama umekataza lisiguswe, nawe ubadili moyo.

Koti lako liko palepale. Sijaligusa tena. Kuku nimewahamisha.

Mimi,
Safina


Kasulu,
22 Septemba 2013

Mama mdogo,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako chini ya mkaratusi nyuma ya bweni, kisha nikaisoma tena. Adija aliniuliza nina nini. Nikamwambia, "Nimemwandikia mtu maneno ambayo kitabu hakinipi njia ya kuyafuta." Akasema, "Si uandike mengine juu yake?" Yeye kwake kila kitu ni chepesi.

Basi nayaandika. Yale ya kitambaa cha meza niliyasema ili yakuume. Nisamehe.

Desemba nikija, kama utakubali, tulioshe pamoja. Usilioshe peke yako. Baba alisema sabuni nayo inabeba mafuta yaliyobaki, kwa hiyo maji yawe ya vuguvugu na sabuni iwe kidogo sana. Mimi nitaleta vitambaa laini.

Barua zangu unaweza kuzisoma.

Winifrida


Kasulu,
26 Januari 2014

Baba mpendwa na mama mdogo,

Shikamooni. Nimefika salama, nimeanza kidato cha nne, na mikono yangu bado ina chungwa kwenye kucha. Mwalimu wa zamu alinikagua akasema, "Umepaka hina, Winifrida?"

Mama mdogo, siku ile uani tuliongea kidogo, lakini sikusahau ulivyokuwa unafuta: unapuliza kwanza, halafu unagusa, kama mtu anayemfuta mtoto uso akiwa amelala. Ulipokuta kifungo cha tatu kimefungwa kwa uzi mwekundu ukaniuliza, "Alishona yeye?" Nikasema ndiyo. Ukakiruka, ukaosha pembeni. Niliona.

Koti limetakata, lakini bado lina njaa. Mgongo haukunjiki, na ule ufa wa kola umefika mshononi.

Sasa baba, nisikilize. Tumefundishwa kwamba kitu huhama chenyewe kutoka palipo na kingi kwenda palipo na kichache. Mwalimu Makarius alidondosha rangi kwenye glasi ya maji, akatuacha tuangalie kipindi kizima. Hakukoroga. Rangi ilienda yenyewe. Nikawaza kitandani: mafuta ya koti yaliondoka kwa sababu nje hapakuwa na mafuta. Je, kama nje pangekuwa na mengi kuliko ndani? Si mawese. Yale yale ya kiwandani, yaliyo ndani ya mpira mwingine mpya. Nilimwuliza Mwalimu baada ya kipindi. Alifikiri sana, akasema, "Inawezekana. Muulize aliyewahi kuona."

Wewe uliwahi kuona?

Mwanenu,
Winifrida


Kibondo,
9 Machi 2014

Mwanangu,

Marahaba. Miwani nimepata, ina fremu ya kike, lakini naona.

Niliwahi kuona, mwanangu, nikawa nimesahau kabisa mpaka uliponiuliza. Ghalani tulikuwa tunakatazwa kupanga mashiti laini juu ya mabomba magumu. Mwaka mmoja wapakuzi wapya wakapanga hivyo, kiangazi kizima, chini ya bati la moto. Tulipokuja kufunua, mabomba yalikuwa yamelainika ngozi ya juu, kidole kinaacha alama. Na yale mashiti yamekakamaa, hayafai kushona. Khatibu alishika kichwa. Sisi tuliona hasara tu. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mtu atalihitaji jambo lile lile.

Basi nimefanya hivi. Tumepata shiti jipya, laini, lililoshiba kweli kweli, bado linanukia duka. Nimelitandika mkekani, koti juu yake, mkono mmoja mmoja, na kola nikaiwekea kipande cha ziada. Nimeviringisha vyote pamoja polepole karibu na moto, maana vikiwa baridi koti lingevunjika. Nimefunga kwa kamba za mgomba, nimeweka darini juu ya jiko, panapokaa mahindi ya mbegu. Pale joto halikatiki. Kila Jumapili ninafungua, ninageuza, ninakunja pindo karibu na sikio.

Shiti limetoka wapi, usiulize. Kibondo kuna maduka.

Usitegemee sana. Linaweza kukataa. Wewe soma.

Baba yako,
Melkiadi

Mimi Safina nimeongeza hapa chini: mahindi ya mbegu yamehama, koti ndilo lenye dari sasa. Usiwe na wasiwasi na kuku.


Kasulu,
19 Oktoba 2014

Mama mdogo,

Shikamoo. Mahafali yamepita jana. Najua baba ameshakusimulia, lakini baba anasimulia kwa kuruka, kwa hiyo naandika.

Likizo ya Juni tulibaki kambini kusoma, kwa hiyo sikuliona koti tangu Desemba. Baba alishuka kwenye basi amelikumbatia, limefungwa ndani ya khanga yako. Nilipofungua, kwanza ulitoka moshi wa jiko letu. Nikakaa hapo nikinusa kama mtoto. Halafu nikalishika kola. Haikulia kama jani kavu. Ilikunjika, ikarudi.

Sitakudanganya, halijawa kama zamani. Mikono inakunjika nusu, na ule ufa bado upo. Lakini liliingia. Jua lilikuwa linawaka hata bati zilikuwa zinalia, nami nikatoka bwenini nimevaa koti la mvua. Wavulana wakaanza, "Jamani, mganga wa mvua kafika!" Adija akawajibu, "Ninyi bado mna njaa, nyamazeni." Nikatembea. Fwa-fwa, fwa-fwa. Baba alikuwa amekaa na wazazi wengine, anaongea na mtu. Akanyamaza katikati ya neno, akainua kichwa.

Mama mdogo, sasa la mwisho. Nilipolivua jioni na kulitandika kitandani, nikaona mgongoni kuna maua. Mekundu yaliyofifia, mpaka yamekuwa ya waridi, na yamegeuka, jani lililokuwa kushoto liko kulia, kama yanayoonekana kwenye kioo. Nimeweka sahani juu ya maua hayo miaka miwili. Nayajua.

Nikamwuliza baba, "Shiti lilitoka wapi?" Akasema, "Muulize mwenye meza."

Ni kile kitambaa alichokuletea kaka yako kutoka Bujumbura siku ya harusi. Kilichokuwa hakiguswi. Na mimi ndiye niliyekiandikia maneno yale.

Kwa nini hukuja? Baba anasema ulisema siku ile ni ya mama yangu. Kiti kilikuwepo. Nilikuwekea, nikaweka daftari juu yake asikae mtu.

Nikipata kazi ya kwanza nitakununulia kitambaa kingine, laini, chenye maua makubwa.

Mwanao,
Winifrida


Kibondo,
9 Novemba 2014

Winifrida, mwana wanje,

Marahaba. Mtihani umeanza, kwa hiyo Haidari nimemwambia asikupe hii mpaka umalize karatasi ya kemia. Kama amekupa kabla, niambie.

Umesema nilitoa kitambaa. Sikutoa kirahisi hivyo. Baba yako alizunguka maduka yote ya Kibondo, yanauza vikavu tu, vilivyokaa rafuni miaka. Alirudi akakaa, anaiangalia meza. Nikaona anavyoangalia, nikatoa sahani, nikamwambia, "Haya, kichukue, kabla sijabadili." Moyo uliniuma, sitakuficha. Kilikuwa kinanukia siku yangu ya harusi. Nilikinusa, nikampa. Ndivyo ilivyokuwa, usinifanye mtakatifu.

Sikuja kwa sababu niliogopa. Niliona nikikaa karibu na koti lile watu watauliza huyu ni nani. Hilo la daftari juu ya kiti, nimeliwaza sana. Siku nyingine ukiniwekea kiti, niambie kabla.

Kitambaa kingine usininunulie. Hiki nimekirudisha mezani. Kimekonda, maua yamepauka kama yamefuliwa, na pembe zake zimesimama, hazilali tena. Ila kimepata sauti. Zamani kilikuwa kinyamavu.

Jumapili iliyopita mvua ilikuwa kubwa. Nilikuwa naandaa chakula, nikavuta kitambaa kukinyoosha, kikalia: fwa-fwa, fwa-fwa. Baba yako akaacha neno katikati, akainua kichwa, akaangalia mlangoni.

Nami niliangalia.

Mama yako mdogo,
Safina